Jiwe la Babu Asbury

Jumamosi, 28 Mei 1994

Leo tumefagia makaburi. Joto limeanza mapema, na upande wetu wa Juu tulikuwa watu kumi na wanne na ufagio mmoja wa maana. Tukaanza, kama kila mwaka, na Babu Asbury Gaillard chini ya mierezi miwili, kisha Mama yangu aliyelala ubavuni pake, kisha wengine. Tuliacha udongo mtupu, safi, bila jani. Ndoo kuukuu ya Babu na kengele yake tukazirudisha juu ya kaburi pale pale zilipokuwa. Vitu vya mwisho alivyotumia marehemu hukaa naye, na mtu mwenye akili hagusi.

Baada ya kula wakanichagua mimi, Ozella, niandike maisha ya Babu na maneno ya jiwe lake. Kaburi la mtu aliyetuachia shamba lote hili halijawahi kuwa na jiwe. Sasa limenunuliwa, lipo kwa fundi mjini, tupu kama paji la uso. Fundi anataka maneno kufikia tarehe mosi Agosti, ili tulizindue kwenye mkutano wa ukoo tarehe kumi na tatu. Nimekubali bila kujivunga. Nimeendesha basi la shule la kata hii mpaka nikastaafu, nikawanyamazisha watoto wa mama zao wote. Mtu mmoja aliyekwisha kufa hanishindi.

Rasimu ya kwanza: "Asbury Gaillard. Mpole, mcha Mungu, mwenye ardhi. Na mkewe Dorcas."

Jumapili, 29 Mei

Vashti ameshasikia. Vashti Gaillard ni binamu yangu na ndiye mkubwa wa upande wa Chini, ng'ambo ya kijito, kwenye kanisa. Sisi wa Juu ni kizazi cha Dorcas, mke wa kwanza. Wao ni wa Minerva, aliyeolewa Dorcas alipofariki. Tunasali kanisa moja, wao viti vya kushoto, sisi vya kulia, na mchungaji akihubiri huwa anageuza shingo kwa zamu asije akalaumiwa.

Alinisubiri mlangoni na kofia yake ya zambarau.

"Dada Ozella, nasikia jiwe lina mke mmoja."

"Jiwe lenyewe dogo, Vashti."

"Dogo? Si nasikia linabebwa na wanaume wanne? Bibi Minerva ndiye aliyeletea shamba hilo nyumbu. Bila yule nyumbu, babu yako angelima kwa kijiko."

Nikamwambia kwamba hadithi ya nyumbu ni ya kulazia watoto, na hakuna mtu aliyewahi kumwona huyo nyumbu.

"Haya," akasema, akavaa glovu zake taratibu. "Watu wa uwanja wa gofu wananipigia simu kila Jumapili wakitaka fungu langu. Siku zote nawaambia hapana. Msimwandike Minerva, nitawaambia njooni na kalamu."

Huyu mwanamke ananijua. Shamba letu halijawahi kugawanywa tangu Babu afe, kila mtu ana fungu lisilo na mpaka. Mmoja akiuza lake, mnunuzi anakwenda kortini, na korti inaweza kuamuru shamba zima liuzwe. Yamewakuta akina Simmons hapo barabarani. Leo kwao kuna nyasi za kunyoa na vijigari vya wazungu wazee.

Lakini sikuonyesha hofu. Nilimwambia kofia imempendeza.

Ijumaa, 3 Juni

Mvua hakuna. Kunde zinajikunja.

Jumanne, 7 Juni

Nimefungua Biblia ya ukoo kwenye kurasa za kati wanakoandikwa watu. Kuhusu Babu: siku ya ndoa tu. Kuhusu Dorcas: "Amefariki Novemba 1880. Amewekewa jagi lake." Basi. Aliyeandika alikuwa bahili wa wino, hata mahali alipozikwa hakutaja.

Hata hivyo nililifurahia hilo jagi, maana mwenzake ninalo. Ni beseni jeupe la udongo lenye maua ya bluu ukingoni, ambalo Dorcas alinawia mikono alipokwenda kuzalisha wanawake wa kata nzima. Likashuka kwa bibi, kwa Mama, kwangu. Leo nimemenyea mapichi humo, na kila Agosti huchanganyia humo saladi ya viazi ya mkutano. Watu wa Chini hawajawahi kuionja. Wana yao ya Vashti, wanaila kwenye meza yao huku wakitutazama.

Alhamisi, 16 Juni

Nilikwenda Columbia, makao makuu ya jimbo letu, kwenye nyaraka za serikali, Lemuel mume wangu akiendesha na kulalamika kuhusu maegesho. Nilidhani nitarudi na maisha mazima ya Babu. Kabla ya vita vya kuwakomboa watu wetu utumwani hayumo popote kwa jina. Nilimpata kwenye orodha ya mali za aliyekuwa akimmiliki, baada ya ng'ombe na kabla ya mitambo ya pamba: "Asbury, mvulana, miaka 9," na bei.

Sikujua kama nitalia mbele ya kijana wa mezani aliyekuwa akituletea vitabu. Nililia.

Halafu nikaletewa hati ya 1872. Ekari mia moja na sita, zimenunuliwa na Asbury Gaillard, na pale pa sahihi msalaba mkubwa, wino umebonyezwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Nikauwekea kidole. Lemuel, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, alivua kofia tu.

Rasimu ya pili: "Alizaliwa mali ya mtu, akafa mwenye mali. Mpole, mcha Mungu. Na mkewe Dorcas." Nimeipenda mno.

Jumatano, 22 Juni

Joto la kuchemsha mayai. Lemuel amelala kibarazani na kitambaa chenye maji usoni. Nilimgusa kwa fimbo ya ufagio kuhakikisha.

Jumatatu, 27 Juni

Nimeambiwa kumbukumbu za vikao vya kanisa za enzi hizo zipo, kwenye sanduku la Shemasi Prioleau, katibu wetu. Ana miaka themanini na minne na haruhusu kitabu kitoke nyumbani, wala mtu mwingine akishike. Anasoma mwenyewe kwa sauti na kioo cha kukuzia, na mimi nakaa na glasi ya chai baridi nikiandika.

Nilikwenda kutafuta ushahidi wa uchaji Mungu. Tumefika 1874.

"'Ndugu Asbury Gaillard,'" akasoma, "'ametengwa na kanisa kwa kucheza dansi harusini, na kwa kuwafundisha wengine.'"

"Soma tena, Ndugu Shemasi."

"Nimesoma vizuri."

"Alirudishwa?"

"Miezi miwili. Alitubu." Akasogeza kioo. "Aliyeandika anasema alitubu kwa sauti kubwa kupita kiasi."

Nyumbani nimefuta neno "mpole" kidogo kidogo, kwa penseli.

Alhamisi, 30 Juni

Kutengwa kwa pili, 1877: kumwita shemasi gunia la makapi katikati ya sala. Nimegundua Shemasi Prioleau anaruka baadhi ya mistari. Anafika mahali, anakohoa, anafunua ukurasa. Nilinyoosha shingo. Shemasi aliyeitwa gunia la makapi, na aliyemshtaki Babu mara zote, ni Ezekiel Prioleau, babu wa huyu huyu anayenisomea.

"Ndugu Shemasi, hapo umeruka."

"Hapo pana doa."

Jumatatu, 4 Julai

Baruti za sikukuu ya uhuru. Mbwa yuko chini ya kitanda. Vashti ametuma kwa watu kwamba ananiombea nipate "nuru kuhusu nyumbu". Nimetuma jibu kwamba namwombea apate kofia nyingine.

Jumatano, 6 Julai

Kutengwa kwa tatu, 1883: kutengeneza divai ya mapichi na kumwonjesha mchungaji. Kwa nne, 1886: kulala wakati wa mahubiri na, alipoamshwa, kueleza sababu.

Nimefuta "mcha Mungu". Lemuel anasema sasa anaanza kumpenda mzee. Mimi ninaanza kuogopa. Shemasi anasema bado kuna moja.

Jumatatu, 11 Julai

Leo tumefika ile ya tano.

Nilifika asubuhi na mkate wa mahindi. Shemasi alikuwa amevaa tai, ishara mbaya. Akasema, "Dada Ozella, hii niliwahi kuisoma ujana wangu, nikaamua haimhusu mtu. Unataka niiruke?"

"Kama ina Prioleau ndani, usiiruke."

Akasoma polepole. Agosti 1891. "'Ndugu Asbury Gaillard ametengwa kwa mara ya tano. Kosa: kumfanyia nyumbu maziko. Nyumbu huyo, jina lake Yeremia, aliyeletwa na mkewe Minerva siku ya ndoa, amezikwa shambani kwa Ndugu Asbury chini ya mierezi miwili, kwa nyimbo tatu na sala, miguu ikielekea mashariki kama Mkristo, na ndoo yake na kengele yake vikawekwa juu. Ndugu Asbury alipoulizwa kama anatubu, akasema nyumbu amefanya kazi kuliko mashemasi wote.'"

Nje kulikuwa na mtu anakata majani kwa mashine. Nakumbuka mlio tu.

"Mierezi miwili ipo mingi," nikasema.

"Shambani kwenu?"

"Ndoo zipo nyingi."

Shemasi akashusha kioo. "Dada, na kengele je? Umewahi kumwona mtu anavaa kengele?"

Niliondoka bila kuaga na mkate wangu nikauacha. Nimepita mierezini, nikasimama. Ndoo ya kunyweshea mnyama. Kengele ya shingoni. Maisha yangu yote nimeambiwa Babu aliitumia kuwaita watu shambani, na mimi nimewaambia wanangu. Kaburi lenyewe refu na pana hivi, tulikuwa tunasema alikuwa pande la mtu.

Na Mama. Mama yangu Hattie aliniita kitandani, siku za mwisho, akaomba jambo moja tu, alazwe ubavuni pa Babu Asbury. Nilihangaika, nikagombana na wajomba wawili, nikampatia mahali pale. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kumfanyia. Nimemlaza Mama yangu na nyumbu. Na si nyumbu wa mtu yeyote, nyumbu wa Minerva.

Nimekaa chini nikalia kwa hasira. Nilimwambia Lemuel. Alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu, akaingia bafuni akafunga mlango. Ukuta ni mwembamba. Nilimsikia akicheka kwenye taulo.

Alipotoka akasema, "Mke wangu, Mama mkwe siku zote alitaka jirani asiyemjibu."

Amekula chakula cha jana, cha baridi.

Jumatano, 13 Julai

Hakuna mvua. Siongei na Lemuel.

Jumamosi, 16 Julai

Nimeamua kunyamaza. Shemasi ana miaka themanini na minne. Mimi nikinyamaza, jambo limekwisha, na jiwe litawekwa mierezini kama ilivyopangwa.

Jumatatu, 18 Julai

Nimejaribu kuandika maneno ya jiwe nikijua linakwenda kwa nyumbu. "Alizaliwa mali ya mtu, akafa mwenye mali." Hayaandikiki. Yule mvulana wa miaka tisa waliyemwandika baada ya ng'ombe, sasa mimi nimkosee kaburi kwa makusudi nimpe mnyama jina lake? Siwezi.

Jumatano, 20 Julai

Mvua. Hatimaye. Nilisimama kibarazani nikalowa miguu. Lemuel alileta viti viwili na nikakaa.

Jumamosi, 23 Julai

Nimerudi kwa Shemasi. Kama Babu hayuko mierezini, yupo mahali. Alikuwa ameweka mkate wangu kwenye jokofu muda wote huo, hajaugusa, akanirudishia.

"Tafuta kufa kwake," nikamwambia.

Ilichukua asubuhi nzima. Babu alirudishwa kanisani 1893, hakutubu, waliandika tu kwamba "kanisa limechoka." Kisha Februari 1904: "'Ndugu Asbury Gaillard amelala. Amezikwa katika uwanja wa kanisa, kati ya wake zake wawili, kama alivyotaka. Maziko yameongozwa na Shemasi Ezekiel Prioleau, ambaye alilia.'"

Hapo Shemasi wetu hakukohoa wala kufunua ukurasa. Aliusoma mstari wa mwisho mara mbili.

Jumapili, 24 Julai

Makaburi ya uwanja wa kanisa ni ya watu wa Chini. Sisi wa Juu hatujawahi kuingia humo, tuna yetu. Baada ya ibada nikavuka kwenda viti vya kushoto, na kanisa zima likanigeukia kama nimekuja na bunduki.

"Dada Vashti, nionyeshe alipolala Minerva."

Alinitazama sana, akachukua mwavuli wake. Tulikwenda mpaka mwisho kabisa, kwenye ukuta. Makaburi matatu kwenye mstari mmoja, yamefagiwa hata unyasi hakuna, yamezungushiwa chupa za bluu zilizopandwa kichwa chini.

"Huyu wa kushoto Minerva. Wa katikati hatumjui, tunamwita Mjomba. Huyu wa kulia naye hatumjui, sisi tunamwita Dada wa Jagi."

Niliinama. Lilikuwa limezama ardhini nusu, limetobolewa kitako kama desturi ya vyombo vya makaburini, mpini umekatika. Jagi jeupe. Ukingoni maua ya bluu.

Nikakaa pale pale na gauni langu la Jumapili. Nikamweleza yote, beseni, kumbukumbu, mpaka nyumbu. Nilimpa kila kitu, nikangoja anicheke. Miaka yote hii amekuwa akiingoja siku hiyo, ningekuwa mimi ningeita watu.

Vashti alifunga mwavuli wake. Kisha akauliza, "Na Shangazi Hattie je? Amelala peke yake na nyumbu?"

Hilo ndilo alilouliza.

"Kwa nini mmewafagilia watu msiowajua?" nikamwuliza baadaye.

"Walikuwa karibu na Minerva. Mama yangu alisema waliolala karibu na wako ni wako. Yeye alifagia, na mama yake alifagia."

"Hamkuwahi kufikiri wa katikati ni Asbury?"

"Tungefikirije? Ninyi mlisema mnaye. Mmemzungushia mawe, mmemwimbia, mmemwekea na kengele."

"Hamkushangaa ile kengele?"

"Tulishangaa. Tukasema watu wa Juu wana mambo yao."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alijikaza, akashindwa, akanishika mkono ili asianguke. "Kwa hiyo," akasema akifuta macho, "nyumbu wa Minerva yupo kweli."

"Yupo. Nimemfagilia tangu nikiwa mtoto."

Tulicheka mpaka mchungaji akaja kuangalia nani amezimia.

Jumamosi, 30 Julai

Maneno yamekwenda kwa fundi. Shemasi Prioleau alipinga mstari mmoja, akashindwa kwa kura mbili dhidi ya moja, zote mbili za wanawake.

Jumamosi, 13 Agosti

Wamekuja kutoka Detroit, Philadelphia, hata California. Wale wa Juu walikuwa wamenuna, nimewaambia ukweli kwa simu mmoja mmoja na wawili hawakuniaga. Lakini walipovuka kijito na kuona lile jagi, na nikaliweka beseni la Dorcas chini kando yake, maua kwa maua, hakuna aliyebisha tena. Mjukuu mmoja akataka kuling'oa jagi tulipeleke nyumbani lioshwe. Mimi na Vashti tulisema "Wee!" kwa pamoja.

Jiwe linasema:

ASBURY GAILLARD
Alizaliwa mali ya mtu, akafa mwenye mali.
Alitengwa mara tano, alirudi mara tano.
Kulia kwake Dorcas, kushoto kwake Minerva.

Nilipokuwa nakwenda kwenye meza yetu, Vashti akanizuia, akachota saladi kutoka kwenye beseni, akaonja amesimama. Watu wote wanatazama.

"Haradali imezidi," akasema.

Akachota tena.

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimwuliza kuhusu wale wa gofu. Akasema walipiga Jumapili iliyopita, akawaambia hauzi, maana shambani kuna kaburi la mtumishi wa Bwana aitwaye Yeremia, na wasipige tena saa za ibada wala saa nyingine.

Jumapili, 14 Agosti

Lemuel ameniuliza kama bado nataka mahali pangu pale mierezini, upande wa pili wa Mama. Nimemwambia ndiyo. Yeye anasema atakuja pia, ila alazwe mbali na kengele.

Jioni nimekwenda kuangalia kama mvua imeharibu. Nilimkuta Vashti, amevuka kijito peke yake, kofia ya zambarau kwenye mwerezi, ufagio mkononi. Kando ya ndoo ya Yeremia alikuwa ameweka hindi moja bichi. Hakuniona. Alimaliza kwa nyumbu, akajinyoosha mgongo, akahamia kwa Mama, akaanza kufagia taratibu kuanzia kichwani.

Nimekwenda kuchukua ufagio wangu.